Mwaka Wangu kwa Mzee wa Mishale

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niwaandikie wasomaji habari za kazi ninayoifanya, kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, kila wanapoulizwa na wazee "yule binti anafanya kazi gani khasa?" hukosa jibu. Nimekubali kwa furaha. Kazi yangu ni usanifu wa mabango na alama, yaani yale maandishi na mishale inayomwongoza mtu hospitalini, stesheni, maktaba na katika viwanja vya ndege. Chuoni nilisomeshwa mengi, lakini kazi yenyewe niliijifunza kwa mzee mmoja wa Kiingereza ambaye, kuanzia Septemba 2013, alinikubali kwa mwaka mzima katika warsha yake ya vyumba viwili juu ya duka la baiskeli, kusini ya London. Jina lake silitaji kwani mwenyewe hapendi kuandikwa. Nyumbani kwetu alijulikana kwa jina alilopewa na bibi yangu, "Mzee wa Mishale", na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Kwanza nieleze hali ilivyokuwa. Wazee wetu waliokuja nchi hii walikuja na orodha ya kazi za watoto wao kichwani: daktari, mfamasia, mhasibu, mwanasheria. Usanifu haumo. Shangazi yangu alisema mbele ya wageni kuwa kuchora ni kazi ya mtoto siku ya mvua. Baba, ambaye ni dereva wa basi na si mtu wa maneno mengi, hakusema hivyo, lakini aliniwekea sharti. Nitafanya ule mwaka wa kazi ambao chuo kinautaka kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Ukimalizika bila ya kupatikana mtu wa kunilipa mshahara wa haki, nitahamia uhasibu. Mjomba wangu alikwisha nitafutia fomu. Zilikaa juu ya friji mwaka mzima, chini ya chupa ya siki, na kila nilipofungua friji niliziona.

Basi nilikwenda kwa Mzee wa Mishale nikiwa na jambo la kupoteza. Yeye alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwenye kuvaa koti moja la buluu siku zote, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka kidogo. Siku ya kwanza nilifika na kompyuta yangu mpya. Aliitazama kwa adabu, akaisifu, kisha akaniomba niiweke kabatini. Akanipa daftari, penseli, na utepe wa kupimia kama ule wa mafundi cherehani.

Wiki mbili za mwanzo sikuchora kitu. Kila asubuhi alinituma mahali: kituo cha treni, maktaba ya mtaa, ofisi ya manispaa. Kazi yangu ilikuwa kutoka kituo cha basi mpaka mlango fulani ndani ya jengo, na kuandika kila pahala ambapo mgeni hulazimika kuchagua: kulia au kushoto, juu au chini, mlango huu au ule. Pahala hapo alipaita "njia panda", kwa Kiingereza chake bila shaka, lakini neno letu linafaa zaidi. Jioni tulihesabu njia panda hizo na kuzilinganisha na mabango yaliyopo. Katika ofisi ya manispaa tulihesabu njia panda kumi na moja na mabango arubaini na sita, na bado njia panda nne hazikuwa na bango lolote. Mabango yalikuwa yametundikwa palipokuwa na ukuta mtupu. Penye njia panda aghalabu hakuna ukuta, kuna mlango wa kioo au ngazi, kwa hiyo fundi aliyeleta misumari alikwenda kuyapigilia penye raha yake.

Somo hilo peke yake lilinifumbua macho. Tangu hapo siwezi kuingia jengo lolote bila ya kuhesabu, na mama hukasirika tukienda madukani.

Baada ya hapo ndipo tulipoingia katika herufi, na kwa herufi alinirudisha nyuma kwenye historia. Hakunipa kitabu. Alinipandisha kwenye basi, tukakaa ghorofa ya juu mbele kabisa, akanionyesha njia nzima, bango kwa bango. Alisema kuwa barabara za Uingereza ni kazi ya mwalimu na mwanafunzi wake, na akanisimulia kisa chao kwa utaratibu ambao mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi, sikuusahau.

Mwalimu aliitwa Jock Kinneir, aliyezaliwa 1917. Alifungua ofisi yake 1956, na huku akisomesha kwa saa chache katika chuo cha sanaa cha Chelsea. Siku moja kwenye kituo cha basi alizungumza na msanifu majengo aliyekuwa akishughulika na uwanja mpya wa ndege wa Gatwick, na kutoka mazungumzo hayo ya kungojea basi akapata kazi ya mabango ya uwanja ule. Ilikuwa mwaka 1957. Alihitaji msaidizi, akamwita mmoja wa wanafunzi wake, Margaret Calvert, msichana aliyezaliwa Durban, Afrika ya Kusini, mwaka 1936, na kuletwa Uingereza mwaka 1950. Wawili hao walipomaliza Gatwick, wakakabidhiwa alama za barabara kuu mpya zilizokuwa zikijengwa kwa mara ya kwanza nchini. Kipande cha mwanzo, njia ya kuuzunguka mji wa Preston, kilifunguliwa Disemba 1958 na ndipo mabango yao yalipojaribiwa. Baadaye wakapewa barabara zote zilizobaki, na alama mpya zikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1965. Mtu akiendesha gari leo kutoka Portsmouth mpaka Glasgow anasoma kazi yao njia nzima: buluu kwa barabara za motokaa za mwendo wa kasi, kijani kwa njia kubwa, nyeupe kwa njia za kawaida.

Hapana budi niseme kilichonivutia mimi. Bango la watoto wanaovuka barabara, lenye msichana anayemshika mkono mvulana mdogo, lilichorwa na Calvert. Alama ya zamani ilikuwa na mvulana mbele, anamwongoza msichana. Calvert akageuza, na yule msichana amesema mwenyewe kuwa ni yeye alipokuwa mdogo. Ng'ombe wa bango la ng'ombe naye alikuwa ng'ombe wa kweli, jina lake Patience, katika shamba la jamaa zake Warwickshire. Na yule mtu wa bango la "barabara inatengenezwa", ambaye watu wote hapa wanafanya mzaha kuwa anahangaika kufungua mwavuli, naye ni wake.

La maana zaidi kwangu ni lile la mwaka 1964, Kinneir alipoandika jina la aliyekuwa mwanafunzi wake kwenye mlango wa ofisi pamoja na la kwake, ikawa Kinneir Calvert. Mzee wa Mishale hakupata kufanya kazi nao, lakini alilirudia jambo hilo mara nyingi. Katika fani hii mafundi wengi wamekufa wakiwa wameficha majina ya vijana waliowachorea. Kila mchoro tuliotoa mwaka ule aliandika jina lake pembeni na langu chini yake, kwa herufi za ukubwa mmoja, hata katika ile miezi mitatu ya mwanzo alipokuwa akinilipa nauli na chakula cha mchana tu.

Alinieleza pia upinzani uliokuwepo, kwani hakupenda historia ya upande mmoja. Kuna ukoo mwingine wa walimu na wanafunzi katika herufi za nchi hii. Edward Johnston ndiye aliyechora herufi za treni za chini ya ardhi za London, zilizotoka 1916, zile ambazo nukta ya "i" ina umbo la kashata. Mwanafunzi wake alikuwa Eric Gill. Kwa Gill akajifunza David Kindersley, mchonga mawe. Mabango ya Kinneir yalipotoka, Kindersley aliyapinga, akaleta herufi zake kubwa tupu, zenye vijiti vidogo miguuni. Ikabidi zijaribiwe katika uwanja wa ndege wa kijeshi wa Benson, Oxfordshire. Watu waliojitolea walikaa kwenye jukwaa, na magari yakapita yakiwa yamebeba mabango juu yao, na kila mtu akaandika ameweza kusoma lini. Herufi za Kindersley zilisomeka kwa mbali zaidi, ila kwa tofauti ndogo sana, na wakubwa wakaamua kuchukua za Kinneir na Calvert kwa kuwa zilipendeza zaidi. Mzee wa Mishale aliposimulia alicheka: "Kwa hiyo mtu asikwambie kuwa sayansi peke yake ndiyo iliyoamua."

Hoja ya Kinneir ilikuwa kwamba neno lililoandikwa kwa herufi ndogo lina umbo lake, lina vilima na mabonde, na jicho la dereva hulitambua umbo kabla ya kusoma herufi mojamoja. Neno la herufi kubwa tupu ni sanduku, na masanduku yote yanafanana. Hoja hii nilifundishwa kama sheria chuoni. Lakini nilipoijaribu kwa Kiswahili nikaona mambo si mepesi hivyo. Andika "wanaume" kwa herufi ndogo, au "wazee": hakuna hata kilima kimoja, ni tambarare kama pwani wakati wa maji kupwa. Lugha yetu imejaa irabu, na irabu zetu zote, ukitoa nukta ya "i", zina kimo kimoja. Nilimwonyesha Mzee wa Mishale orodha ya maneno mia moja niliyoyapima hivyo. Alinyamaza muda mrefu, akaitundika orodha ile ukutani, na siku ya pili akaniuliza watu wa kwetu huandika wapi maneno makubwa ya kusomwa kwa mbali.

Nikamletea kanga.

Ilikuwa ya bibi, yenye chapa ya K.H.E., Mali ya Abdulla wa Mombasa, na jina lake ni "Wema hauozi". Nilimweleza pindo ni lipi, mji ni upi, na jina hukaa wapi, na kwamba huuzwa kwa doti. Alipima kila kitu kwa utepe. Kisha akauliza suala ambalo mimi, niliyezaliwa ndani ya kanga, sikupata kulifikiri: "Nani anasoma, na amesimama wapi?" Jibu ni kuwa aghalabu anayesoma yuko nyuma, na aliyevaa anakwenda zake. Bango la barabarani limesimama na msomaji anakimbia. Jina la kanga linakimbia na msomaji ndiye amesimama. Tatizo ni lile lile. Basi Jumapili moja tulimpeleka bibi kwenye bustani, akatembea mbele yetu na kanga yake juu ya koti la baridi, nasi tukapima anasomeka mpaka umbali gani. Watu waliotembeza mbwa wao walitutazama sana. Bibi alifurahi kuliko sote, akadai arudie na kanga tatu nyingine, na aliporudi nyumbani akasimulia kwa simu mpaka Maskati.

Matokeo yetu yalikuwa ya watu wawili na bibi mmoja, kwa hiyo siyatangazi kama utafiti. Lakini mimi niliamini tangu siku ile kuwa wale wachapishaji walioandika majina ya kanga kwa herufi kubwa, nene, ndani ya kisanduku cheupe, walijua walichokifanya. Chuoni hakuna aliyewahi kuwataja.

Sasa nije kwenye jambo lililokuwa zito. Mwezi wa Februari 2014 warsha yetu ilipata kazi ya kupanga upya mabango ya jengo moja la hospitali. Hospitali yenyewe siitaji. Niliijua vizuri, kwani miezi sita kabla yake bibi alikuwa ameitwa huko kwa ajili ya mtoto wa jicho. Siku ile mama alikuwa kazini na baba yuko barabarani, naye ni mtu asiyependa kusumbua watu, akenda peke yake. Barua ilimtaka afike "Ophthalmology". Ukutani hapakuwa na neno hilo popote; paliandikwa "Eye Clinic". Bibi alikuwa na duka Ng'ambo miaka mingi, namba anazijua kuliko mimi, na Kiingereza chake kinamtosha sokoni, lakini neno lile refu alilishika kama picha tu, akawa analinganisha picha na kila bango. Alizunguka saa moja na nusu. Akarudi nyumbani. Baada ya wiki moja ikaja barua kuwa hakuhudhuria, na kwa hiyo amerudishwa mwisho wa foleni. Alikuwa haoni vizuri, na aliambiwa kuwa hakuhudhuria.

Nilimweleza Mzee wa Mishale habari hii siku kazi ilipofika. Hakusema pole. Alichukua daftari akaniuliza kama bibi atakubali kuajiriwa.

Basi bibi akaajiriwa, yeye na mabibi wawili wa jamaa zetu ambao wasomaji wengi wanawajua, na mzee mmoja wa Kisomali, na wanawake wawili wa Kibangali. Walilipwa kwa saa, jambo alilolishikilia Mzee wa Mishale mbele ya wahasibu wa hospitali. Kila mmoja alipewa barua ya kweli ya miadi na kuambiwa afike. Sisi tulifuata nyuma, hatusemi kitu, tunaandika alipotazama, aliposimama, aliporudi.

Nilijifunza siku zile mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote nilichokisoma. Wale mabibi hawakutazama juu. Mabango yalitundikwa juu ya vichwa, na mtu mwenye mkongojo hutazama sakafu na milango. Hawakuamini bango lililobandikwa kwa karatasi, ijapokuwa mara nyingi ndilo lililokuwa sahihi. Walikumbuka njia kwa harufu ya duka la kahawa. Na kulikuwa na mchoro wa jicho kubwa kwenye mlango mmoja, uliowekwa na mtu mwenye nia njema, bibi alisimama mbele yake akasema, "Na jicho hili la nani linalotutazama?" na akakataa kupita. Mzee wa Mishale alitaka tafsiri ya kila neno. Aliandika hilo kwa wino mwekundu, na michoro ya viungo vya mwili haikuingia katika kazi yetu.

Mimi nilikuwa nimependekeza tuandike kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Hakunikatalia. Alinipa ubao wa ukubwa uliopangwa akaniambia nipange lugha saba. Kadiri lugha zilivyoongezeka, ndivyo herufi zilivyopungua. Kipimo chake cha mkono kilikuwa milimita 25 za herufi kwa kila mita 10 za umbali, na kwa wazee mara mbili yake; kwa lugha saba tulifika milimita 9. Hapo nikaelewa mwenyewe. Namba, akasema, ni lugha ya kila mtu aliyewahi kununua au kuuza.

Kwa hiyo kila mlango tukaupa namba, na kila upande wa jengo herufi moja na rangi moja. Maneno yakawa mepesi: macho, moyo, mifupa, damu, kwa Kiingereza cha kawaida. Mabango yakashuka mpaka kimo cha uso. Herufi nyeupe juu ya rangi nzito tulizifanya nyembamba kidogo kuliko nyeusi juu ya nyeupe, kwa sababu cheupe huonekana kimevimba, jambo ambalo Kinneir na Calvert walilifanya barabarani tangu zamani. Haya yote yalikwisha kwa wiki sita.

Kilichochukua miezi minne ni barua. Mzee wa Mishale alisema waziwazi katika mkutano kuwa bango la kwanza la hospitali ni barua inayoingia nyumbani kwa mgonjwa, na kama barua haina namba ya mlango ile ile iliyoko ukutani, basi hospitali inanunua mapambo. Ofisi iliyochapisha barua ilikuwa mbali, chini ya mkubwa mwingine, na kompyuta yao, walisema, haina nafasi ya kuongeza mstari. Tulikwenda mara tano. Mara ya nne alinituma niseme mimi. Sikusema mengi, niliweka mezani barua mbili za bibi, ile ya kumwita na ile ya kumwambia hakuhudhuria, na ramani ya njia aliyozunguka, iliyochorwa kwa milimita, na saa zake pembeni. Mwanamke mmoja wa ofisi ile aliitazama ramani kwa muda, akasema mama yake naye alipata kupotea pale pale. Mstari ukapatikana. Unasema: "Mlango B14", au namba yoyote ile, kwa herufi nene, juu ya kila kitu.

Bibi aliitwa tena Septemba ile. Alikataa kusindikizwa. Alikwenda na barua yake mkononi na kanga chini ya koti, akafika dakika ishirini kabla ya wakati, na jicho likafanyiwa kazi wiki tatu baadaye. Aliporudi aliniambia tu kuwa rangi ya upande wa B ni mbaya, ingekuwa afadhali ya samli.

Nimesahau kuwaeleza kuhusu baba. Mwezi wa Mei Mzee wa Mishale aliniomba amwalike mwenyewe nyumbani, jambo lisilo la kawaida kwa watu wa huku, na mama akapika pilau na kachumbari na mkate wa kumimina. Nilidhani anakuja kunitetea. Hakunitaja hata mara moja. Baada ya chakula alitoa daftari akamwambia baba kuwa yeye ameshughulika na mabango miaka arubaini, lakini hajapata kukaa na mtu anayeyasoma kwa saa nane kila siku, usiku na mvua, akiwa na abiria themanini nyuma yake. Akamwuliza bango lipi huliona mwanzo usiku. Baba alijibu kwa neno moja. Akamwuliza lipi limewekwa karibu mno na mzunguko wa barabara hata halimsaidii dereva wa gari refu. Hapo baba alisogeza kiti. Alizungumza mpaka baada ya sala ya Isha, akachora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza njia panda zote za safari yake, akataja mabango yanayozibwa na miti kila Juni, na alama moja ambayo, kwa maoni yake, aliyeichora hajapata kuendesha hata baiskeli. Mimi sikuwahi kumsikia baba akizungumza hivyo juu ya kazi yake. Sikujua kuwa anajua hayo yote.

Kurasa tisa za daftari lile zilikuwa za baba. Fomu za uhasibu ziliondoka juu ya friji wiki ile. Nani aliziondoa sikuuliza. Mwezi wa Agosti niliandikiwa mkataba wa siku mbili kwa wiki, wenye mshahara, mpaka nitakapomaliza chuo, na baba aliusoma wote, pamoja na maandishi madogo, kisha akasema herufi zake ni ndogo mno.

Warsha ilifungwa mwaka 2018, mkono wa Mzee wa Mishale ulipokataa penseli kabisa. Anaishi kando ya bahari na huniandikia kadi kwa mkono wa kushoto. Mimi nafanya kazi sasa katika ofisi ya watu kumi na mbili. Mwisho wa 2020 nilikwenda kutazama maonyesho ya kazi za Margaret Calvert katika Jumba la Makumbusho ya Usanifu, London. Nilimchukua baba, akasimama mbele ya bango la watoto wanaovuka akaniambia katika maisha yake amelipita mara laki nzima. Calvert mwenyewe alitunukiwa nishani ya OBE mwaka 2016, na herufi zake zilizotengenezwa upya ndizo zinazotumika katika tovuti ya serikali ya Uingereza, hiyo ambayo sote tunaijua kwa ajili ya kodi na pasipoti.

Kwa wazazi wanaotaka kujua taratibu: mtoto mwenye kutaka fani hii aghalabu hufanya kwanza mwaka mmoja wa matayarisho katika chuo cha sanaa, baada ya mitihani ya miaka kumi na minane, na kinachotazamwa zaidi ni mkoba wa michoro yake. Michoro ya namna moja isijazwe mkobani. Wachukue waonyeshe walivyofikiri, pamoja na karatasi zilizochafuka. Na kama mtoto amepima kitu cha nyumbani kwao, kofia ya viua, mlango wa nakshi katika picha ya babu, ukili wa mkeka, kitatazamwa kuliko chungu zima la nyota na maua.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya darasa la Kurani, nitakuwa chumba cha nyuma cha ukumbi wetu kwa saa mbili kwa ajili ya vijana wa miaka kumi na mitatu na kuendelea. Karatasi nitaleta mimi. Penseli kila mtu na yake, na utepe wa kupimia mwombeni mama. Kazi ya mwanzo tutakayoifanya ni mabango ya ukumbi wenyewe, kwani nimehesabu njia panda sita kutoka lango mpaka upande wa wanawake, na bango liko moja, nalo linaelekeza jikoni.